Asante ya Kuachwa Mlangoni

Jumatatu, 9 Juni
Tumefaulu! Juzi watu wa Mogogosiek walilala nje pamoja nasi wanakamati, sokoni, kwenye mvua ya mawe, kuchangisha ili vijana wasio na makao wapate paa. Mimi nilivaa soksi tatu kila mguu na bado nililia kidogo. Akina mama wa kanisa walileta chai kwa madebe. Madereva wa lori za majani ya chai walileta kuni. Mzee Bethwel, ambaye hasalimii mtu kabla ya jua kupanda, alitoa nyumba yake ya zamani. Vijana saba wataingia wiki ijayo! Moyo wangu umejaa. Sijui watu hawa niwaambieje.

Ndiyo shida yenyewe. Mama Phyllis, mwenyekiti wa kamati yetu, amesema katibu ndiye atakayesimama kanisani Jumapili kutoa shukrani. Katibu ni mimi. Kimeli, karani wa kituo cha kununua majani ya chai, mwenye diploma, ambaye hushindwa kumwambia mkulima kwamba majani yake yamelowa. Kanisa zima! Na maikrofoni!

Osoro, mweka hazina, muuza sufuria, alijitolea kusema kwa niaba yangu. Nikakataa. Osoro akishika maikrofoni atamshukuru hata mama yake kwa kumzaa Osoro.

Jumatano, 11 Juni
Mpango wa kwanza: kupoteza sauti. Nimekohoa kituoni tangu asubuhi. Wakulima wamenihurumia. Kwa bahati mbaya, Mama Phyllis pia. Amenichemshia tangawizi na kitunguu saumu, kisha akanifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi. Nimetoka humo na sauti nzuri kuliko niliyozaliwa nayo. Amesema sasa hata kwaya itanitaka.

Ijumaa, 13 Juni
Mpango wa pili. Huu ni wa akili! Asante si lazima itoke mdomoni. Kila aliyetusaidia atapata mursik, maziwa yetu ya mgando yenye mkaa, ndani ya kibuyu chenye shanga. Shangazi Chepkemboi amenitayarishia vibuyu kumi na viwili. Aliuliza ni vya nini. Nikasema harusi. Aliuliza ya nani. Nikakohoa.

Nitavipeleka Jumapili watu wakiwa kanisani. Hakuna mtu nyumbani, hakuna hotuba, hakuna macho. Nilifikiria kuacha jina langu. Lakini Biblia inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Tena mtu akijua ni mimi, ataniambia niseme neno.

Jumapili, 15 Juni
Vibuyu vyote vimefika! Mbwa wa Mzee Bethwel amebaki na kipande cha suruali yangu. Nilimwambia Mama Phyllis tumbo limenishika, kwa hiyo maikrofoni ilimwangukia Osoro. Nasikia alishukuru mpaka watoto wakalala. Haidhuru. Nimekaa jioni yote nikiwazia nyuso za watu wakikuta kibuyu mlangoni.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeziona nyuso.

Nilisahau jambo ambalo kwetu hata mtoto wa nasari analijua. Anayeleta mursik huketi, humimina, huonja yeye kwanza mbele ya mwenyeji. Kibuyu kisicho na mtu si zawadi. Ni sumu. Au ni uchawi! Kituoni leo hakuna aliyezungumza lingine. Mama mmoja amekifunika chake kwa karai na kuweka jiwe juu. Mchungaji anaitwa nyumba hadi nyumba.

Mzee Bethwel amechukua tena ufunguo wake kutoka kwa Mama Phyllis. Amesema vijana hawajaingia bado, na tayari uchawi umehamia. Nyumba itabaki imefungwa. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamwambia majani yake yamekauka vizuri. Yalikuwa yanachuruzika.

Naibu wa chifu ameita baraza kesho.

Jumanne, 17 Juni
Asubuhi nilipita kwenye kinu cha posho, ambako vijana wetu hulala. Velma, mkubwa wa wale vijana saba, alikuwa verandani, ameketi juu ya mfuko aliokwisha kuufunga kwa ajili ya kuhama. Akaniuliza, "Karani, tufungue mizigo, ama tungoje kidogo?" Hakulalamika. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa.

Kwenye baraza, vibuyu vilipangwa nyasini, watu wakasimama mbali. Naibu akauliza ni vya nani. Miguu yangu ilisimama kabla yangu. Nikasema ni vyangu. Nikasema nilikuwa nashukuru.

Mzee Bethwel akasema kama ni shukrani, nionje. Nikauliza, vyote? Akasema, "Kwani ulimshukuru mmoja?"

Mama Phyllis akaongeza kwamba kila nikionja niseme ni ya nini. Nikaanza. Hiki ni cha chai, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Hiki ni cha kuni. Hiki ni cha magodoro. Maziwa yalikuwa yamechacha hata nikaona nyota mchana. Kufikia cha tano nilisahau kuogopa watu, nikaogopa tumbo tu. Osoro alikuwa anapiga kelele, "Kunywa, karani! Hata kwetu Kisii mgeni haachi chakula mlangoni akatoroka kama mwizi!"

Cha mwisho kilikuwa cha nyumba. Sauti ilikatika, safari hii kwa kweli. Mzee Bethwel alikichukua mkononi mwangu, akanywa, akafuta mdomo, akaniambia, "Kongoi." Asante. Yeye, kwangu! Ufunguo alimpa Velma mwenyewe.

Jumamosi, 21 Juni
Nimepata nafuu. Vijana wameingia! Velma ametundika pazia. Alinimiminia uji, akaonja kwanza mbele yangu huku amenikazia macho, na wenzake wote wakaanguka kwa kicheko.

Moyo umejaa tena. Watu wamenisamehe, hata Shangazi. Mama Phyllis anasema kesho nisimame kanisani niwashukuru kwa hilo.

Hapana. Nimetafakari na nimejifunza. Mursik haiachwi mlangoni. Lakini kuku haonjwi! Nimeagiza kumi na wawili kutoka Kedowa. Kesho, watu wakiwa kanisani, nitamfunga mmoja kwenye kila lango na kuondoka polepole. Waliopatikana ni weusi watupu. Haidhuru.