Betri ya 9900 na Dirisha la Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Mtunza mkuu wa jengo letu anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi iko wazi. Na si nafasi tupu. Inakuja na chumba cha mbele, chenye dirisha. Dirisha! Sisi tunaishi chini ya ngazi, mimi, mke wangu na cherehani yake, na mwanga wetu ni balbu moja inayokonyeza kama ina siri na mtu. Mke wangu anashona humo kutwa. Macho yanamchuruzika machozi. Siku hizi ananiita nimtungie uzi kwenye sindano. Mwaka jana alikuwa anautunga huku ananigombeza, bila hata kutazama.

Nimemwambia leo: dirisha lile ni lako. Akaniuliza nimelipata wapi. Nikasema bado, ila nina mpango. Akashusha pumzi. Sijui kwa nini neno mpango linamchosha hivyo.

Mpango ni huu. Jumamosi saa nne asubuhi Mama Mwenye Jengo anakuja kukagua matangi ya maji kule chini ya ardhi. Kule hakuna umeme tangu nyaya zilowe. Giza totoro mchana kweupe. Watunza tuko wawili tu, mimi upande wa kushoto, Bwana Karatasi upande wa kulia, na kila mmoja atamwongoza kwenye matangi yake. Atakayemulika vizuri ameula!

Bwana Karatasi tunamwita hivyo kwa sababu akinunua kitu husoma kwanza kile kikaratasi kilichomo ndani ya boksi. Chote. Hata cha kufuli. Mtu wa namna hiyo atanitisha nini?

Tochi ninayo. Ya LED, ya bei poa, boksi lake linasema inamulika hadi kilima cha pili. Inakubali betri moja nene ya kuchaji, au vijibetri vitatu vyembamba kwenye kikasha chake. Nimechoka na vile vya kutumia na kutupa, vinakufa kabla hujafika unakokwenda. Kesho nanunua betri ya kuchaji. Kubwa kuliko zote!

Jumanne, 5 Machi

Nimeipata!

Muuza vifaa vya umeme wa pale kona, dada mpole mwenye miwani, aliniwekea betri mbili kaunta. Umbo moja. Ya kwanza ya kijivu, imeandikwa 2600. Ya pili ya zambarau, inang'aa, imeandikwa 9900. Nikauliza namba hizo ni za nini. Akasema ni kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kutunza. Nikamwambia basi tumemaliza, nifungie ya zambarau.

Akasema kaka, subiri. Betri ya umbo hili haiwezi kubeba kiasi hicho, na ganda ni karatasi tu, yeyote anaweza kuchapa namba aipendayo. Hizo za zambarau zilikuja kwenye katoni pamoja na mzigo wake, anazirudisha. Akanipa zote mbili mkononi nipime uzito. Ya kijivu nzito. Ya zambarau nyepesi kama kibiriti kitupu.

Nilimtazama sana. Muuzaji anakukataza kununua! Hapo pana jambo. Lazima kuna mteja wake wa moyoni amemwekea. Na huo uzito je? Tangu lini umeme ukawa na uzito? Nikashikilia yangu mpaka akasalimu amri, ila alisema nisije nikamlaumu.

Bwana Karatasi akaingia nikiwa bado dukani. Akaomba vijibetri vitatu vyembamba vya kuchaji, vya aina moja, vimeandikwa 900. Mia tisa! Akauliza chaja inayovifaa ni ipi. Akauliza ni kweli visichanganywe vipya na vikuukuu. Nusu saa nzima! Nikamwambia mchagua nazi hupata koroma. Akacheka, akasema kuna na yule aliyeula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua. Nikaondoka zangu. Nilikuwa na 9900 mfukoni.

Jumatano, 6 Machi

Ajabu juu ya ajabu! Taa ya chaja iliyokuja na tochi ni nyekundu betri ikiwa na njaa, kijani ikishiba. Kikaratasi kinasema itachukua saa tano hadi sita. (Aliyekisoma ni mke wangu, si mimi.) Yangu imeshiba kwa dakika kumi na mbili! Niliruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye ngazi. Sikusikia hata maumivu.

Mke wangu akaacha kushona. Akauliza, ndoo inayojaa kwa kikombe kimoja, hiyo ni ndoo au ni kikombe? Nikamwambia asiniletee mambo ya ndoo, hapa tunazungumzia teknolojia.

Nikawasha. Jamani! Mweupe pe! Utando wa buibui nyuma ya kabati, pini zilizopotea chini ya cherehani, vyote nje. Mke wangu mwenyewe alisema lo! Akaniomba niendelee kumulika kidogo amalizie pindo. Nikazima upesi nisiumalize mwanga. Iliniuma kumkatalia, kweli iliniuma. Nikamwambia avumilie, Jumamosi si mbali.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempeleleza Bwana Karatasi. Nilichungulia kwenye tundu la ufunguo la stoo ya mafagio. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tochi yake, ndugu ya yangu kabisa, inamulika ukuta, saa iko gotini, anaandika. Saa nzima na robo! Mwanga wenyewe wa wastani tu, lakini hautetereki. Mara akafungua mlango, kitasa kikanipata kwenye paji la uso. Akanisabahi kama kawaida, akauliza hali ya shemeji yake, akasema mbona tusizipime pamoja. Nikamwambia mwanga wangu si wa kuchezea.

Nilirudi nikaipima yangu peke yangu. Dakika kumi na moja. Ukafifia, ukafifia, kwisha.

Lakini mimi si mtu wa kukaa bure. Babu yangu, betri za redio zikichoka, alizianika juani na redio ikasema tena. Nikapanda paani, nikaiweka yangu kwenye sinia la bati, katikati ya jua la saa sita. Mke wangu alipopanda kuanua nguo akapiga yowe lililosikika hadi barabarani. Kumbe kikaratasi kimekataza kabisa, betri hizi zikipata moto zinaweza kulipuka. Akaifunika kwa ndoo, akanivuta kwa ukosi hadi ngazini, tukasubiri.

Haikulipuka. Ila ganda la zambarau lilikuwa limejikunja na kubanduka lote, na 9900 yake. Betri imebaki uchi. Lakini hai! Nimeichaji, imewaka! Dakika kumi na moja zilezile.

Ijumaa, 8 Machi

Akili hii watu wangeijua wangeikodi! Sihitaji mwanga mrefu. Nahitaji ziara fupi!

Nimefanya mazoezi leo asubuhi, mke wangu akiwa ndiye Mama Mwenye Jengo. Kushuka ngazi, tangi la kwanza, la pili, la tatu, kupanda. Dakika nane na nusu! Mke wangu alifika juu anahema, kiatu kimoja kimebaki chini. Akaniuliza mama wa watu atakimbizwa na nini. Nikamwambia atakimbizwa na hamu ya kuona tangi linalofuata.

Mchana Bwana Karatasi akabisha hodi. Ameniletea vijibetri vitatu vyake vya akiba, vimejaa, na kikasha kinachoingia kwenye tochi yangu. Akasema giza la kule halichagui upande, mama asije akaumia. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Nikasema ahsante ndugu yangu, sisi tumeshiba.

Mke wangu hajanisemesha tangu hapo. Kesho atanisemesha sana!

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne kamili Mama Mwenye Jengo akafika, gauni refu la kijani, mkoba mkononi. Akasema tuanze kushoto. Kwangu! Nikawasha. Akasema mwanangu, mwanga mzuri huu. Mzuri! Nikaanza kuchagua rangi ya mapazia.

Ila mama huyu hatembei, anasoma. Alisoma kila bomba. Aliuliza kutu ya hapa ni ya lini. Alisimulia habari za fundi aliyejenga tangi la kwanza, na mke wa fundi, na harusi ya binti yao. Nikasema mama, twende mama, tangi la pili linatungoja. Akasema tangi haliendi popote. Dakika ya tisa! Ya kumi! Nikamshika mkono, nikamvuta kidogo, kwa heshima zote. Giza!

Chwaa! Gauni limenasa kwenye koki ya tangi, limechanika kutoka gotini hadi chini. Mama akasema neno ambalo sitaliandika. Nikaitikisa tochi, nikaipiga kofi, nikaipuliza, nikaisihi. Wapi! Ndipo nikaona mwanga wa wastani unashuka ngazi taratibu. Bwana Karatasi. Akamwambia mama amshike bega. Mama akashika moja, mimi nikashika la pili.

Tulipofika juu mama hakungoja hata akae. Mtunza mkuu ni Bwana Karatasi. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa ndimo nilimokuwa natoka.

Nilizunguka ua mara nne nikitafuta maneno ya kumwambia mke wangu. Miaka sita namwahidi mwanga yule mwanamke. Nilipojikaza kurudi, nikamkuta mama yupo mlangoni petu kwenye kiti, kajifunga shuka, anashonewa gauni lake. Mke wangu kaivuta cherehani nusu ndani nusu nje, apate mwanga wa korido. Uzi unakataa kuingia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama akauchukua uzi, akautunga mwenyewe. Akauliza anashona humo tangu lini. Mke wangu akamwambia. Mama akachungulia ndani, akaitazama ile balbu inayokonyeza mpaka gauni likaisha. Akautafuta mshono kwa kidole asiuone.

Akamwita Bwana Karatasi, akamuuliza anahamia lini chumba cha mbele. Naye akasema hahami, anaishi na mama yake mtaa wa pili na bibi yule hataki kusikia habari ya kuachwa. Basi mama akatoa funguo kwenye mkoba, akampa mke wangu. Si mimi. Akasema zikae kwako, binti yangu, zisizunguke.

Jumapili, 10 Machi

Tumehama! Safari tatu tu, na ya mwisho ilikuwa cherehani. Mke wangu kakaa dirishani, kachukua uzi, kautunga mara moja. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikingoja kuitwa. Akageuka, akaniona, akacheka, halafu akalia. Nami nikalia, tena kwa sauti, hadi mpita njia akauliza kuna msiba gani.

Ila tuseme ukweli, dirisha kalileta nani? Ile betri ya kijivu ingewaka mpaka mwisho, gauni lingebaki zima, mama angeondoka zake bila kuiona cherehani. Mpango wangu ulikuwa kamili tangu mwanzo, hata mimi mwenyewe sikujua ulivyo kamili! Nimemweleza mke wangu haya yote. Akanipa pazia nishike.

Na kosa la betri nimelijua. Tangu ganda libanduke haikuwa na namba yoyote. Sasa itajuaje nguvu zake? Nimeizungushia plasta nyeupe ya kidonda, nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika 20000. Nimewasha sasa hivi, hapa hapa dirishani, jua la adhuhuri. Jamani, mwanga!

Nakwenda kumwazima Bwana Karatasi kalamu. Maskini, vya kwake bado vimeandikwa mia tisa.