Viatu vya Mbwa, Jozi Arobaini

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nyota imewaka. Leo hapa Deira, Dubai, nimekutana na Bwana Msellem, Mzanzibari mwenye duka la viatu Unguja, kaja kuchukua mzigo. Anataka viatu vya mbwa. Vile vya zamani, ngozi laini, boksi lina picha ya mbwa masikio yanaburuza chini. Marehemu baba yake alikuwa navyo tangu ujana, akisema ukipita navyo hata mbwa aliyelala hashtuki.

Nikamwambia historia yake naijua yote. Fundi mmoja Uingereza, mbwa wake alikuwa analalia viatu dukani. Kiatu alichokilalia ndicho laini, ndicho kikauzwa. Nimeitunga palepale. Nikamuuliza picha ya mbwa haitamsumbua? Akasema, "Mbwa wa boksi habweki wala harambi, bwana we."

Viza yangu ya matembezi inaisha tarehe kumi na tano. Kaahidi mzigo ukija sawa, rafiki yake wa kampuni ya kusafirisha mizigo ataniajiri, viza juu yao. Ukija vibaya, narudi Tanga.

Kaniachia hela ya mzigo na kifuniko cha boksi la marehemu, kina jina la Kizungu refu kama treni. Nimekiweka chini ya mguu wa kitanda. Kitanda kilikuwa kinayumba.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwandikia kwa simu Mchina mmoja mwenye ghala hapa hapa Dubai. Mimi naandika Kiswahili, simu inageuza Kichina. Viatu vya mbwa, vya asili, jozi arobaini, haraka. Akauliza, mbwa mkubwa au mdogo? Nikajibu mkubwa, aonekane kwa mbali. Akauliza, miguu ya mbele na ya nyuma ilingane? Hapo nikajua simu imekosea kugeuza. Nikajibu ilingane, ndiyo.

Ronny, Mganda mlinzi ninayeishi naye chumba kimoja, kasema nisome jina kwenye kifuniko nimtumie Mchina. Nikamwambia ulinzi ni ulinzi, biashara ni biashara. Akasema, "Sawa ssebo. Ukifika Tanga utusalimie."

Wivu tu.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika kabla sijavua viatu.

Mzigo umefika bandari ya Hamriya, jahazi linapakia, Msellem kasimama na kanzu yake safi. Nikafungua boksi kwa madaha. Kiatu kama kikombe cha kahawa! Soli ya mpira, mkanda wa kubana.

Nikamwambia hivi ni vya watoto, mtindo mpya. Akachukua pakiti moja. Akatoa kimoja. Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu. Akatoa cha nne. Akaniuliza taratibu, "Mtoto gani huyu ana miguu minne?"

Wapakiaji wakaacha kazi. Mmoja akageuza pakiti, nyuma kuna picha ya mbwa kavaa. Miguu yote. Halafu anatabasamu, mbwa yule.

Msellem kaniangalia kama nimemvua kanzu hadharani. Kasema baba yake angekuwa hai angecheka, lakini yeye si baba yake, khalas, na ile kazi nisahau. Jahazi limeondoka na mizigo yake mingine, yeye kabaki Deira anadai hela yake. Mimi nimebaki na pakiti arobaini, viatu mia na sitini vya mbwa asiyekuwepo.

Jumamosi, 12 Julai

Chumba kimejaa maboksi, tunapita kiubavuubavu. Ronny kasoma pakiti wala hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Kasema kwenye jengo analolinda, Marina, mbwa wa mamadam wote wanavaa hivi mchana. Njia inaunguza nyayo.

Nimekaa chini. Nimemwambia arudie. Akarudia.

Mbwa wanavaa viatu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne peku.

Ronny kachukua seti moja, kampelekea madam mmoja. Madam kamwelekeza kwa Raed, mwenye duka la vitu vya wanyama.

Jumapili, 13 Julai

Raed kachukua vyote! Hela ya Msellem imerudi kamili, mwenyewe nusura acheke. Halafu Raed anataka mtu wa kazi anayewaelewa mbwa. Nikamsimulia historia ya fundi wa Uingereza, safari hii mbwa ndiye aliyekuwa anaumwa miguu. Macho yakamlengalenga. Karatasi za viza anapeleka kesho.

Ronny anasubiri ahsante. Nimempa, ila nimemkumbusha kwamba bila mimi kuagiza, yeye angepeleka nini kwa madam?

Jumanne, 15 Julai

Viza imetoka leo leo. Nimebaki. Nimebusu simu.

Jioni kaja Khalfan, shemeji yake Msellem, fundi magari Rashidiya. Kaambiwa mimi nina bahati ya kipumbavu, akasema bahati ni bahati. Anataka mafuta ya simba. Mafuta ya injini, ya zamani, kopo lina picha ya simba, sasa hayaonekani. Nikamwambia historia yake naijua yote.

Kaniachia kopo tupu, lina maandishi mengi pembeni. Limenifaa sana, nimeweka mswaki. Ronny kalitazama kopo, kanitazama mimi, kavaa kofia yake kaenda kazini. Nafikiri sasa ananiheshimu.

Mchina nimeshamwandikia: mafuta ya simba, ya asili, katoni ishirini, haraka. Kajibu palepale. Anauliza, simba dume au jike?

Nimemwambia dume, yule mwenye manyoya shingoni. Huyu jamaa kazi anaijua.