Mayai ya Mama Mkwe na Jani la Isale

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata njia ya kumrudisha Agnela! Mke wangu yuko kwao Maji ya Chai tangu nilipomboreshea friji lake la kuuzia juisi likalipuka. Sasa kideri kimepita huko na kufagia kuku wote wa mama mkwe. Wote! Namsikitikia sana. Yamebaki mayai kumi na manane, mbegu ya kuku aliyoacha marehemu baba mkwe, na hakuna kuku wa kuyaatamia. Wa majirani nao wamekufa. Nani ataatamia? Mimi! Yaani mashine yangu. Vifaranga wakitoka, Agnela atarudi bila kuitwa.

Jumatano, 5 Machi
Mashine tayari, hapa hapa kibandani kwangu Tengeru. Boksi la mbao, balbu, sensa ya joto, na chipu ndogo inayoisoma sensa na kuamua balbu iwake au izime. Nimeweka rezista za kubana umeme, kubwa kuliko zote nilizonazo, ili betri ya chipu isiishe. Nimeshatangaza sokoni kwamba betri moja itamaliza mwaka.

Kasoro moja. Kipimajoto cha zebaki humo ndani kinasema nyuzi thelathini na saba, chipu inasema thelathini na moja. Oscar, fundi redio wa kibanda cha jirani, akaja bila kuitwa. Akasema ndani ya chipu mna kama kikombe kidogo, lazima kijae umeme ndipo ipime. Rezista zangu zinaudondosha tone tone, chipu inapima kikombe hakijajaa. Eti niweke rezista ndogo, au kapasita kwenye mguu wa chipu, iwe kama ndoo ya akiba. Kapasita ya bei ya andazi! Anataka aje asimulie kwamba mashine yangu mimi Ndesanjo ameitengeneza yeye. Nikamshukuru kikavu. Alipoondoka nikaiandikia chipu: ukishasoma, ongeza sita. Sasa zote zinasema thelathini na saba. Oscar na vikombe vyake!

Jumamosi, 8 Machi
Nimepeleka mashine Maji ya Chai. Mama mkwe alianza kutikisa kichwa hata sijaitua. Nilijua. Nikamtolea jani la isale. Huku kwetu ukiletewa isale kuombwa msamaha, husemi hapana, hata kama moyo unawaka. Akalipokea, akasema la friji limekwisha. Hapo hapo nikaingiza boksi ndani! Agnela akaniuliza kama najua mayai yale ni nini kwa mama yake. Nikamwambia aondoe shaka. Mama mkwe aliyapanga mwenyewe, moja moja, akiyapangusa kwa ncha ya kitenge.

Jumapili, 16 Machi
Tumetoka kanisani, mama mkwe akayamulika kwa tochi. Kumi na sita yana mishipa! Kitu chekundu kinadunda ndani. Akanishika mkono akaniita mwanangu. Miaka yote hii mimi ni Baba Blessing tu! Agnela akanipakulia chakula, nyama akaongeza. Nusura nilie mezani.

Jumanne, 18 Machi
Mwingine angetulia. Mimi nimeongeza sensa ya unyevu, ili mama mkwe aone namba mbili kwenye skrini. Chipu ile ile inasoma moja, kisha nyingine. Basi namba ya joto ikaanza kushuka yenyewe. Nikampigia Oscar, nikasema nina mteja mwenye shida hiyo. Akacheka. Akasema kikombe ni kimoja: kikitoka kupima unyevu kina mabaki, na umeme wa joto unaoingia tone tone hauwezi kuyaondoa, kwa hiyo mteja anapima mchanganyiko. Ang'oe rezista zile leo leo.

Kung'oa ni kukubali! Nikaongeza mbili nyingine kwenye hesabu, namba ikakaa sawa. Kipimajoto cha zebaki nimekitoa kabisa, kisije kikabishana na skrini mbele ya mama mkwe.

Alhamisi, 20 Machi
Agnela kapiga simu. Hakuwa analia. Heri angelia.

Sahani ya maji ya kuleta unyevu ndani ya boksi ilikauka jana. Namba ya unyevu ikaanguka, ikaivuta na ya joto. Chipu ikadhani kuna baridi, balbu haikuzima tena. Nimefika nikamkuta mama mkwe kwenye kigoda, tochi mkononi, anamulika yai baada ya yai. La mwisho akalipasua. Kifaranga ana mdomo tayari, na vidole. Ameiva kwa joto. Akasema taratibu kwamba mbegu ile ilikuwa uani siku anaingia nyumba hii kama bibi harusi. Nilitaka kumweleza kwamba Jumanne skrini ilikuwa sawa. Nimeumia, jamani. Nimeumia kweli.

Jumapili, 23 Machi
Nimepeleka isale la pili. Mama mkwe alilitazama mpaka nikaona aibu. Akalipokea, afanyeje? Amenisamehe. Agnela alikuwa mlangoni. Akasema msamaha ni wa mama yake, yeye hajaletewa kitu na asiletewe. Akafunga mlango. Blessing akanipungia mkono dirishani mpaka akavutwa ndani.

Jumatatu, 24 Machi
Nimefikiri sana. Kosa si rezista. Kosa ni ile sahani! Nani aliiacha ikauke? Si mimi. Oscar kaniletea kapasita, bure, wala hakucheka. Nimeitupia kwenye droo.

Nasikia mzee Abdiel, mjomba wake Agnela, ana ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake, anatetemeka kwa baridi ya huko juu mlimani. Ng'ombe aliyemzaa kafa, ndama ndiye kabaki. Agnela anampenda sana mjomba wake. Boksi nitalipanua, balbu ninayo, na sensa ya tatu ninayo.

Nimetoka uani kukagua mmea wangu wa isale. Yamebaki majani matatu. Yatatosha.