Nywele na Had Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa Kiingereza kaja kunyoa ndevu. Nywele hana siku nyingi. Kajitazama kiooni, kacheka, kaniandikia sentensi: "The hair he had had had had to go." Eti Kiingereza safi. Had nne! Kaondoka bila kunifafanulia. Mpango: nimeinakili kwa chaki ukutani, juu ya kioo. Atakayeieleza atanyolewa bure. Shemeji, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, atafunga virago!

Jumanne, 4 Machi
Benchi pomoni! Muuza magazeti anasema ni kigugumizi cha maandishi. Nesi anahesabu kwa vidole. Wote wanasoma, hakuna anayekalia kiti. Shemeji kapita, kauliza kama nimefungua maktaba, kaondoka na wateja wangu wawili. Mke wangu kaonya: kiti kikiwa kitupu hadi Jumamosi, nitaenda kufanya kazi kwa kaka yake. Bora nife!

Jumatano, 5 Machi
Nimefuta had moja, isije ikawa kosa. Mwalimu kachungulia: bado sahihi. Nikafuta nyingine. Bado sahihi! Hizi nywele ziliondoka mara ngapi? Nimezirudisha zote.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kaleta chai, kasoma mara moja tu. Kasema nizigawe mbilimbili. Mbili za kwanza: nywele alizokuwa nazo. Mbili za mwisho: zilikuwa zimelazimika kuondoka. Nikauliza, basi? Akajibu, basi. Kumbe nimeoa kamusi! Zawadi kaidai, kampa kaka yake.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kwenye kiti changu, mtaa mzima dirishani. Ushindi! Nikawa nanyoa huku nasoma ukutani: mbili za kwanza, mbili za mwisho... Mashine ikapanda hadi utosini. Njia nyeupe katikati ya kichwa! Hapakuwa na la kufanya, zote zikalazimika kuondoka. Mke wangu kaniuliza kama sasa nimeielewa. Nimeielewa. Shemeji alijipapasa kichwa kama anayemtafuta mtu. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Hukumu ya mke wangu: nitafanya kazi kwa shemeji mpaka nywele zake ziote. Nimeshafagia. Duka lake zuri, kioo kikubwa, ukuta mtupu kabisa. Nawaza: kama mbili ni sahihi, tatu sahihi, nne sahihi, basi sita zitakuwa sahihi zaidi. Shemeji katoka kununua kofia. Chaki ninayo.