Honi kwenye geti la wakwe

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, na hata hawajawa wakwe bado. Nawaambia mapema kabla anko hajaipeleka kwa grupu ya familia.

Mnaijua ile gari yangu nyekundu ya viti viwili, ya Mwingereza, iliyoundwa kabla sijazaliwa. Niliinunua ili nionekane mtu. Injini haina neno. Shida ni waya. Ukiwasha indiketa, waipa zinaamka. Ukiwasha taa, redio inazima. Aliyefunga hizo waya nadhani alikuwa amegombana na mkewe asubuhi hiyo. (Na mimi nikatoa pesa zangu nikanunua. Sasa mjinga ni nani?)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuenda kwa kina Chebet, Moi's Bridge, wazee wetu waombe msichana. Chebet alinionya wiki nzima. "Kwetu Wakalenjin, wageni wa siku hiyo hawaingii tu. Mnasimama nje ya geti, kimya, mpaka mtu wa nyumbani aje awaite. Na uje na pick-up ya kaka yako, tafadhali." Nikamwambia nitafikiria. Nikafikiria, nikachukua gari yangu. Nilitaka babake aone anampa nani msichana.

Anko Wafula, msemaji wetu, akaketi kando yangu na suti yake nzuri. Wengine wakafuata na van. Hatujaenda mbali, mvua. Turubai la juu linavuja, na linavuja upande wa anko. Waipa zimekataa. Nikawasha indiketa, maana hiyo ndiyo dawa yao. Zikapiga mara moja zikalala. Anko akatoa mkono nje akaanza kupangusa kioo na kofia yake.

"Na hii ndiyo ilikufanya uache kununua shamba?" akaniuliza.

Tukafika. Tukajipanga nje ya geti, wamama na leso zao, wazee na fimbo zao. Kimya kabisa. Ndani tukasikia wanaomba. Baba Chebet ni mzee wa kanisa, na haombi kwa haraka.

Hapo honi ikaanza kulia. Yenyewe. Hakuna mtu ndani ya gari, ni maji tu yameingia kwa waya. Nikakimbia nikachomoa ufunguo. Ikaendelea. Nikavuta boneti nikate waya ya betri, boneti imekwama. Nikaipiga teke, taa zikawaka. Ng'ombe wa jirani wakatoroka. Watu wa bodaboda wakasimama kuona sinema.

Chebet akachungulia juu ya fensi.

"Zima hiyo kitu."

"Nimezima."

"Sasa mbona inalia?"

"Uliza Mwingereza."

Hakucheka. Maombi yakakatika katikati, geti likafunguliwa, na aliyetoka si mtu wa kutuita. Ni babake mwenyewe.

"Nani ananipigia honi kwangu kama anaita askari wa geti?"

"Si mtu, Mzee," anko akasema, maji yakimtiririka. "Ni gari."

"Gari ya nani?"

Ukoo mzima ukanigeukia. (Asanteni sana, watu wangu.)

"Yangu, Mzee."

"Na imekushinda kunyamazisha?"

"Imenishinda."

"Na umekuja kuomba msichana."

Betri ikaisha hapo hapo, honi ikakatika, na kwa mara ya kwanza nikatamani iendelee kulia.

Tukaitwa ndani, tukaketi. Desturi yao, kabla ya neno lolote, msichana anaitwa na kuulizwa kama anawajua hawa wageni. Akisema hawajui, mnafunga safari mnarudi kwenu. Chebet akaingia. Mzee akaninyooshea kidole.

"Huyu unamjua?"

Akaniangalia, viatu matope, shati imelowa, ufunguo bado mkononi. Akageuka akaangalia nje, upande wa geti. Mimi jasho likaanza kunitoka na baridi yote hiyo. Anko alikuwa ameinamisha kichwa, sijui anaomba au anajikausha.

"Mtu namjua," akasema. "Gari siijui."

(Uongo mtupu. Juzi ameisukuma kutoka Kesses.) Wamama wakaangua kicheko, Mzee naye akajaribu kujizuia akashindwa, na mazungumzo yakaanza.

Tumekubaliwa. Gari bado iko nje ya geti lao, kesho itavutwa na trekta, na inauzwa. Wa kwanza kucheka hapa ndiye anainunua.