Jazi, Bluzi na Chumba cha Uani

Jumatatu, 16 Juni

Mgongo umekataa. Tangu asubuhi napakia lumbesa, magunia yaliyovimba kama wajawazito. Msimu huu mashine za kukoboa mpunga hapa Ifakara hazinyamazi. Pumba masikioni, pumba kwenye chai, pumba kwenye ndoto.

Lakini kuna habari njema! Mama Yosefina, nesi mstaafu wa kule Lumemo, anatafuta mtu wa kumtunzia nyumba na bustani. Kuna chumba cha uani. Kuna kitanda. Dirisha lina wavu! Kazi yenyewe ni kumwagilia mchicha. Mchicha haubebwi mgongoni.

Tatizo ni moja. Lukelo aliyekuwa pale ametoroka, anasema nyumba ina mapepo yanayopuliza tarumbeta kila jioni. Nikamuuliza Dativa, muuza chai wetu pale mashineni. Akacheka mpaka akamwaga maziwa. Akasema mapepo wapi, hizo ni jazi na bluzi, santuri alizorudi nazo mama wa watu alipokwenda kusomea ukunga Ulaya. Na sharti la kazi ndilo hilo: anataka mtu anayeweza kuishi na muziki wake. Jumamosi anawaita wanaoitaka kazi wakasikilize, na chakula kitakuwepo.

Jazi! Mimi Teofili, mtoto wa mpuliza tarumbeta wa Ndono Jazz, bendi ya kwetu Unyamwezini! Chumba ni changu.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwambia Gaudensi. Mdomo huu! Nilitaka kumringishia tu. Gaudensi ni mpakizi mwenzangu, Mpogoro wa Mahenge, tumepanga chumba kimoja na tunalalia godoro moja lenye bonde katikati. Akasema basi na yeye atakwenda. Nikamuuliza anajua nini kuhusu jazi. Akasema hajui kitu, ila amesikia kutakuwa na ubwabwa na samaki wa Malinyi. Akaongeza kwamba sisi Wanyamwezi tuliumbwa kubeba mizigo ya watu tangu enzi za misafara, nisikimbie kazi ya ukoo.

Nikaamua kujiandaa kisomi. Niliishia darasa la tano, lakini darasa la tano la zamani.

Nikaenda kwa Jofrey, yule anayejaza nyimbo kwenye memori kadi. Spika yake inapiga makelele, nikamwambia nataka jazi na bluzi. Akanielekeza kwa Nelly wa mitumba, eti jezi na blauzi zote ziko pale. Nikarudia kwa sauti. Watu wakageuka. Mwisho akaelewa, akasema aah, baba, si ungesema tu zilipendwa! Akanijazia bendi za dansi za zamani, zote zenye neno Jazz kwenye jina. Kwa bluzi akaniwekea zile za polepole za kukumbatiana, tulizokuwa tukicheza disko taa zikishapunguzwa.

Safi. Ndiyo bluzi ninayoijua mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Mapumziko ya mchana, juu ya magunia, simu sikioni. Sikujiandaa hata kidogo. Nilikumbuka tu.

Baba ananyoosha bugaluu yake, suruali pana miguuni, kwa pasi ya mkaa. Baba anasugua tarumbeta kwa majivu na ndimu mpaka linang'aa. Ukumbi ulikuwa mbali na kwetu, lakini mama akisikia tu tarumbeta alijua kama baba ameshalewa au bado. Akiwa bado, tulimbakizia mboga yake. Akishalewa, tuligawana.

Bendi ikafa. Mama akasema basi tarumbeta lifanye kazi ya kumiminia mafuta ya taa kwenye chupa. Alijaribu mara moja. Mafuta yaliingia, hayajatoka mpaka leo. Baba hakugomba. Alikaa mlangoni, akaweka ngumi mdomoni, akaupuliza wimbo mzima kwa midomo mitupu. Sisi watoto tukaitikia sehemu za magitaa.

Ndono ni mbali. Mchele wa hapa unanukia kuliko wa kwetu, na bado nautamani wa kwetu.

Gaudensi akanikuta nafuta macho. Nikamwambia ni pumba.

Jumamosi, 21 Juni

Aibu! Lakini ni aibu yenye matunda.

Nilivaa shati la Pasaka. Gaudensi alikuja na malapa. Hakuna mwingine aliyekuja, Lukelo alishawatisha wote. Nikampa Mama Yosefina shikamoo yake, nikaongeza kwamba mimi na jazi ni ndugu wa damu. Akasema marahaba, basi tukae tumsikilize ndugu yako.

Akaweka santuri. Tarumbeta! Nikamsubiri mwimbaji. Hakuja. Tarumbeta linaenda huku, ngoma zinaenda kule, besi linatembea peke yake kama mlevi anayejua njia. Nikasema moyoni, hili ni jaribio, anataka kuona nani ana damu ya muziki. Nikainuka nikacheza. Staili ya Ndono, mkono mmoja kiunoni, mwingine hewani.

Mama Yosefina akaniambia kwa upole nikae, mwanangu, huu ni wa kusikiliza. Akanifundisha. Usitafute maneno, alisema. Chagua chombo kimoja, ukifuate kama unavyomfuata mtu unayemjua gulioni. Kikikupotea, kamata kingine. Nikafuata besi. Likanipotea kwenye kona ya kwanza.

Kisha akasema sasa bluzi. Hapo nikajua zamu yangu imefika! Nikasogea mbele yake, nikainama, nikamsimamisha, nikamshika kiuno. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu! Akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikasema hapana mama, tunacheza bluzi. Gaudensi akateleza kutoka kwenye kiti kwa kucheka. Mama mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Akasema mara ya mwisho kushikwa hivyo ilikuwa harusini kwake.

Akanikalisha. Santuri ikaanza.

Mzee mmoja na gitaa lake. Anasema jambo, analirudia, halafu anajijibu. Lugha siijui. Lakini ni sisi wakati wa kupakia! Mmoja anaita, wengine wanaitikia, gunia linapanda. Ila huyu mzee hana wengine. Anaita mwenyewe, anaitikia mwenyewe. Nikamwona baba mlangoni, ngumi mdomoni.

Nikalia. Wazi kabisa, kama mtoto. Sikupanga. Gaudensi kwa wakati huo alishaanza kukoroma.

Mama Yosefina akavuta sahani yangu. Aliniongezea samaki. Tulipoaga akasema turudi Jumamosi ijayo, ndipo ataamua.

Jumatatu, 23 Juni

Nimechambua mambo. Kucheza hakukunisaidia. Kumshika kiuno hakukunisaidia. Samaki wa pili alikuja baada ya machozi. Kwa hiyo mama anataka machozi!

Nimejaribu kulia wakati wa mapumziko. Nimemfikiria baba. Nikakumbuka ile siku alipojikwaa na bugaluu jukwaani, nikacheka hadi nikapaliwa. Machozi ya kweli si ya kutegemea. Hayana ratiba.

Dativa akaniambia niende vilevile nilivyokwenda mara ya kwanza, mama ameshanipenda. Ushauri wa muuza chai huo. Nikamwomba kitunguu kimoja, kile kikali.

Gaudensi hana mpango wowote. Namhurumia.

Jumamosi, 28 Juni

Kitunguu nilikikata pembeni ya mto Lumemo, nikakisugua kwenye leso. Nusu iliyobaki nikaitia mfukoni kama akiba.

Mama akaweka santuri. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, nilishazamisha uso kwenye leso. Kazi ilifanyika! Macho yakawa mito miwili ya masika. Nikatikisa na mabega. Nikasema kwa sauti ya kukatika kwamba uchungu wa tarumbeta hili hauvumiliki.

Mama akaniuliza tarumbeta lipi. Nikafungua jicho moja. Iliyokuwa ikilia ni piano. Akanieleza kwamba huu ni wimbo wa kuchekesha, mtu anamlalamikia mbuzi aliyekula kofia yake.

Nikasema na kofia pia inauma, mama.

Akanisogelea. Akanusa. Nesi ni nesi, hata akistaafu. Akanipeleka bombani akaninawisha macho, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa ile nusu. Hakunigombeza. Akasema afadhali, kachumbari ilikuwa imepungukiwa. Akaikatakata mbele yangu.

Huku sebuleni Gaudensi amelala. Mdomo wazi, malapa chini, mkoromo unapanda na kushuka, piano inapita juu yake kama mvua juu ya bata.

Mama akamtazama muda mrefu. Akasema anamchukua yeye. Anataka mtu anayeweza kulala huku muziki unalia. Kisha akasema jambo lililonichoma kuliko kitunguu: Jumamosi iliyopita alikuwa ameshanichagua mimi, hata funguo ya chumba aliitundika pale ukutani.

Funguo ilikuwapo kweli. Nilikaa chini yake saa nzima na leso usoni.

Wakati wa kuondoka akaniambia, mwanangu, chumba sina tena, lakini kiti chako kipo. Njoo kila Jumamosi usikilize. Njoo bila kitunguu.

Jumapili, 29 Juni

Gaudensi amehama na kimfuko chake. Mlangoni akaniambia kwamba mchicha ukikua ataniletea fungu, na kwamba godoro sasa ni langu lote pamoja na bonde lake. Mshenzi yule. Nitamkumbuka.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu, na kosa langu nimeliona. Nilileta machozi, kumbe mama alitaka usingizi! Gaudensi hatadumu pale, mchicha utamshinda. Siku akiondoka, mimi nitakuwa kwenye kiti changu nakoroma vizuri kuliko yeye. Mkoromo wa Kinyamwezi, wenye sauti ya kwanza na ya pili.

Kwa hiyo leo mchana nimeanza mazoezi. Kwa Jofrey nimepata bluzi za kweli, nilimwimbia kidogo kwa midomo, ngumi mdomoni, akaelewa. Nikalala chali, simu kifuani, mdomo wazi.

Haiendi. Kila mkoromo ukianza kunoga, yule mzee wa gitaa anaita, na hakuna wa kumwitikia. Inabidi nimwitikie mimi. Na macho yanalowa, na nyumbani mwangu hakuna hata ganda la kitunguu.

Muziki huu ukiendelea hivi utaniharibia mpango.