Jicho la Bafle

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo nimefanya jambo kubwa. Nimechukua kinga ya bwana yangu Levy, baiskeli yake nyeusi, nikampa Ba Sampa, muzee wa mutaa wetu. Naye amenipa bafle mbili za zamani, spika nzito za muziki, pamoja na ampli yake, ile redio nene ya kuzisukuma. Anasema siku hizi muziki anasikiliza kwa simu. Masikini! Hajui alichotoa. Bafle moja tu kichwani, shingo ilitaka kuingia tumboni. Hervé, mununuzi wa vyombo vya muziki vya zamani, anapita Alhamisi. Atanipa kinga mbili, ninaona. Bwana yangu yuko Puta anavua, anarudi Jumamosi. Bila kinga atafikishaje samaki sokoni Mwansabombwe? Kwa miguu? Hapana! Atakuta kinga mbili mulangoni, atasema Orpha ana akili. Mutoto wetu Nkandu amelala juu ya bafle. Muzuri kabisa.

Jumanne, 4 Juni

Mbele ya kuuza, mutu anapima. Muziki sijui, lakini samaki ninajua. Unabonyeza jicho. Likiwa gumu, samaki ni wa leo; likiingia, ni wa juzi. Sasa bafle nayo ina jicho, jeusi, la mviringo, limetokeza katikati. Nikatoa kitambaa cha mbele, nikabonyeza na kidole gumba.

Likaingia ndani. Likabaki huko!

Nikasema labda hii moja ndiyo mbaya. Nikabonyeza ya pili. Ikaingia pia.

Nina bafle mbili za juzi. Nkandu alicheka. Mimi nililia kidogo, nikamunyonyesha.

Jumatano, 5 Juni

Florentine, jirani anayeuza chaja sokoni, amekuja kuona. Hakuitwa. Pole mama Nkandu, akasema, umenunua vipofu. Akauliza kama nitawapeleka hospitali ao nitawaanika juani pamoja na chisense, vile visamaki vidogo. Saa sita soko lote linaniuliza hali ya macho. Na yeye chaja zake zinachoma simu za watu! Sikumwambia. Nilimwambia kidogo.

Jioni Nkandu ana mafua, pua imeziba. Nikaifyonza kwa mudomo, kama mama alivyotufanyia sisi. Ikazibuka, mutoto wangu akapumua, akacheka. Nikaangalia bafle. Bafle ikaniangalia.

Nikaweka mudomo juu ya jicho, nikafyonza polepole. Pa! Likatoka! Vumbi la miaka yote kwenye ulimi, lakini likatoka. La pili likatoka pia, limebaki na kunjo moja tu. Asante Yesu kwa mafua.

Alhamisi, 6 Juni

Hervé amefika na kinga nyekundu. Umeme hakuna, kama kawaida. Akasema si kitu. Akagusisha betri ya tochi kwenye nyaya, karatasi ya bafle ikaruka: pu! Akagonga ubavu, akasema huu ni muti wa kweli, si unga wa mbao uliogandishwa. Akazungusha vifundo vya ampli, vinaenda vizito, laini. Akafungua mugongo wa ampli, akasema hakuna fundi aliyewahi kutia kidole humu. Nikasema ndiyo, bila shaka, mimi vitu vibovu sichukui.

Halafu akaona kunjo. Akauliza, nani alibonyeza? Nikasema Ba Sampa.

Palepale Nkandu akatambaa, akanyoosha kidole gumba, akabonyeza lile jicho lingine. Kama mama yake! Hervé akashika kichwa. Nikamwambia ageuke. Hakugeuka. Nikafyonza. Pa!

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kila nyumba ina mutoto, kwake kumejaa bafle za macho yaliyoingia, na akijaribu kuyavuta kwa sindano, inayatoboa tu. Atazileta, nizifyonze, atalipa. Lakini kwa sababu ya kunjo, kinga ni moja. Nyekundu, kengele nzima, fasi ya kubebea mizigo nyuma imara.

Florentine alikuwa anachungulia kwenye uzio. Nilimsalimia vizuri sana.

Jumapili, 9 Juni

Levy alirudi jana. Akauliza nyeusi iko wapi. Nikasema imekuwa nyekundu. Akaizunguka, akapiga kengele, akatubeba mimi na mutoto mpaka ziwani, tunayumba, tunaimba. Kisha akasema: Orpha, kitu changu usikibadilishe tena bila kuniuliza. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote.

Leo kutoka kanisani Ba Sampa ameniita. Ana televisheni ya zamani, ya mbao, wanaume wawili wanaiinua kwa kelele. Anaipenda ile kinga nyekundu. Levy yuko kwenye mukutano wa wavuvi mpaka jioni, kumusumbua si vizuri. Nimekwenda na kinga, kuangalia tu.

Ina jicho moja, kubwa, limechukua uso wote. Nimelibonyeza na kidole gumba, kwa nguvu.

Gumu kama jiwe! Hii ni ya leo kabisa!

Nimemuachia kinga.